Nililipia kuangalia nyangumi, sio kuwafukuza! Hizi boti za Skjervøy zimezidi sasa

Wakuu habari zenu. Niko huku Norway kaskazini, nimeshuka kwenye boti jana jioni na mpaka sasa hasira hazijapoa, kwa hiyo nikichanganya mambo mnivumilie. Nazungumzia hizi safari za kwenda kuangalia nyangumi, zile ambazo kila anayekuja Tromsø wakati wa baridi lazima auziwe. Nyangumi tumewaona, tena wengi tu, kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia oh wanyama hawana ratiba, hilo nalijua. Nalalamikia tulivyowafanyia wale wanyama baada ya kuwakuta.

Kwa wasiojua huku kunakuwaje. Kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka Januari wanaingia heringi kwenye fjodi, yaani hizi ghuba nyembamba kati ya milima, hawa samaki wa ukoo mmoja na sadini, wanaingia kwa makundi makubwa mno kukaa kipindi cha baridi, na nyuma yao wanakuja oka, hawa weusi na weupe wa ukoo wa pomboo, na wale nyangumi wakubwa wenye nundu. Miaka ya nyuma walikuwa wanaingia Kaldfjord, hapo karibu na Tromsø, halafu kuanzia 2017 hivi heringi wakahamia juu zaidi upande wa Kvænangen na Skjervøy, na nyangumi wakawafuata. Ndio maana siku hizi ukipandia boti Tromsø unakaa saa tatu mpaka nne kwenda tu, na kurudi hivyohivyo, na mwezi wa 12 jua halichomozi kabisa, mnapata mwanga wa bluu hivi katikati ya mchana halafu giza. Sasa fanya hesabu mwenyewe. Mmeondoka saa 2 asubuhi, mnafika karibu saa 6 mchana, na ikifika saa 8 huoni kitu. Kila boti iliyoko pale inagombania huohuo muda mfupi na haohao nyangumi. Hapo ndipo tatizo lote linapoanzia na kampuni zinalijua fika.

Mwanzo kulikuwa kuzuri, sitadanganya. Nilikuwa na mke wangu na shemeji yangu aliyekuja kututembelea kutoka Unguja. Tumepewa maovaroli mazito, milima ya Lyngen ile yenye theluji inapita pembeni, watu wengine wameshaanza kutapika maana pale unapotoka kwenye kinga ya visiwa mawimbi sio ya mchezo, lakini moyo ulikuwa juu. Tukafika, tukaona mapezi. Oka dume lile pezi la mgongoni linaweza kufika karibu mita 1.8 jamani, ni refu kuliko mimi, linapanda taratibu kwenye maji meusi halafu unasikia pumzi, pfuuu, unaisikia kabisa kifuani. Walikuwa wanakula. Na ulaji wao ni kazi ya ukoo mzima, wanawazunguka heringi wanawabana wawe kama mpira, wanapuliza mapovu, wanawageuzia matumbo meupe kuwatisha, halafu mmoja anaupiga ule mpira kwa mkia samaki wanazimia ndio wanawaokota mmojammoja. Ni kazi ya utulivu na ya kusikilizana, maana oka anatumia sauti kuwinda na kuwaita wenzake. Na ule ukoo anauongoza mama, mara nyingi bibi kabisa, watoto hawamwachi mama hata wakikua.

Basi bwana, hatujakaa dakika tano zikaja boti za mpira. Hizi ndogo zenye injini kubwa nyuma, zinakuja spidi, zinakata mbele ya wanyama, watu wanajitumbukiza majini na masuti yao ya kuogelea halafu wanapandishwa tena nyangumi wakipita, boti inazunguka inawawahi mbele, wanajitumbukiza tena. Zikaja na boti kubwa mbili kama yetu. Nahodha wetu badala ya kubaki nyuma na yeye akatia gia! Yaani ikawa kama makonda wa stendi wanagombea abiria mmoja. Kila wale oka wakiibuka upande huu, boti zote zinageuza upande huu. Wakizama, injini zinanguruma kutafuta watatokea wapi. Heringi wenyewe wakisikia kelele za injini wanatawanyika na kuzama chini, kwa hiyo ule mpira wa samaki uliochukua muda wote ule kukusanywa ukapotea, chakula kikaishia hapo. Nilimuona mama mmoja na mtoto mdogo kabisa, bado ana yale mabaka ya rangi ya chungwa badala ya nyeupe, boti ikapita katikati yao na kundi. KATIKATI. Na kwenye boti yetu watu wanashangilia wanapiga video.

Nikamfuata muongozaji nikamuuliza kwa adabu kabisa, hivi hamna umbali mnaotakiwa kuuacha? Akaniambia leo kuna boti nyingi, tukikaa mbali wateja watalalamika hawajapata picha. Nikamwambia mimi ni mteja na ndio nalalamika hivi. Akatabasamu akaenda kugawa chokoleti ya moto.

Shemeji yangu ndiye aliyenimaliza kabisa. Yeye kazaliwa Kizimkazi, kafanya kazi kwenye boti za pomboo miaka mingi. Wote tunajua kinachoendelea Kizimkazi, boti zinawazingira pomboo asubuhi asubuhi, watalii wanarushwa majini juu yao, na pale ni ndani ya eneo la hifadhi la Menai tangu 1997. Wazungu wangapi wamekuja wakaandika kwamba manahodha wetu hawana elimu, hawajali mazingira, wanataka hela tu? Shemeji akasimama pale kwenye ukingo wa boti akaniambia, "Shemeji, sisi tulikuwa tunaambiwa tuje tujifunze kwa hawa." Hakuongea tena mpaka tunafika. Mimi naona aibu kwa niaba ya watu ambao wenyewe aibu hawana. Manahodha wa Kizimkazi wengi ni watu wanaotafuta mlo wa siku, hawa wa huku wana boti za mamilioni ya kroner, wana sonari, wana rada, wana shahada za baiolojia ya bahari ukutani, kisingizio chao ni kipi?

Na msiniambie haiwezekani. Jimbo la Washington kule Marekani, kwa lile kundi la oka wao wanaloliita wakazi wa kusini, waliobaki chini ya 80, kuanzia Januari 2025 boti inatakiwa ikae yadi 1,000 kutoka kwao, ni kama mita 900 na zaidi. Biashara ya utalii kule haijafa. Sauti majini inakwenda mita 1,500 kwa sekunde, mara nne na zaidi kuliko hewani, sasa fikiria uko kwenye fjodi yenye kuta za mawe pande zote na injini kumi zinanguruma juu ya kichwa chako wakati wewe unatumia masikio kutafuta chakula.

Wale wenye nundu ndio wananiuma zaidi. Mnyama wa tani 30 hivi anasimama huku kula ashibe kwa sababu akitoka hapa baadhi yao wanasafiri mpaka Karibi kuzaa, maelfu ya kilomita, na kule ni kama hawali kitu kabisa. Kila mlo anaokatishwa hapa atauhitaji njiani. Sio mapambo ya picha hawa.

Halafu hii ni nchi ambayo bado inavua nyangumi aina ya minke kibiashara, walirudia 1993 na nyama unaikuta kwenye migahawa ya Tromsø. Hizi kampuni za utalii zinajinadi kwamba ukilipia kuangalia unasaidia nyangumi awe na thamani akiwa hai. Nililipa kwa sababu hiyohiyo! Kwenye tovuti yao wameandika kwa herufi kubwa kwamba wanawaheshimu wanyama na wanazima injini. Injini haikuzimwa hata mara moja.

Usiku nimewaandikia imeili, nimeweka video na saa. Asubuhi wamenijibu kwamba wanasikitika "sikufurahia" na wananipa punguzo la asilimia 15 safari ijayo. Punguzo! Nirudi nikawafukuze tena kwa bei nafuu? Nimewaambia nataka nijibiwe nahodha alikuwa umbali gani na kwa kanuni ipi, hela wabaki nazo.

Kampuni siitaji kwa sasa mpaka nione jibu lao la pili, na kwa nilivyoona jana haikuwa moja tu. Mlioko Oslo, Stockholm, Uingereza, mnaopanga kuja Novemba hii, najua mko wengi, kabla hujalipa waulize kwa maandishi: mnakaa umbali gani, mnakaa na kundi moja dakika ngapi, mkikuta boti nyingine tayari zipo mnafanya nini. Wakikujibu kwa maneno matamu bila namba, peleka hela yako kwingine. Na aliyewahi kupanda boti iliyozima injini kweli ikasubiri, naomba aseme hapa alipandia wapi na mwezi gani. Ile video nitaipandisha hapa chini nikitoka kazini, muone wenyewe pale boti inapopita kati ya mama na mtoto.