Upinde wa fidla na wa zeze: singa za farasi, mkonge au nailoni?

ZezeLaKaole (Bagamoyo)
Wadau, habari za jioni. Kwenye kikundi chetu napiga fidla, na zikija ngoma za bara nashika zeze. Upinde wa fidla umeanza kunyonyoka, wa zeze nao umechoka. Naambiwa niagize singa za farasi, wengine wanasema funga mkonge, mwingine kanishauri nailoni ya mshipi kwa kuwa ipo kila duka hapa pwani. Bei ni mbingu na ardhi. Nani katumia ipi?

Fundi_Ngamiani (Tanga)
Nailoni waachie wavuvi. Inateleza, haishiki rozini, na upinde usio na rozini hautoi sauti hata ukikandamiza vipi. Wengi hudhani singa ndizo zinazokwaruza uzi. Kazi ni ya rozini, ule ulimbo wa msonobari uliokaushwa. Unga wake unaunasa uzi, unauvuta kidogo, uzi unachomoka, unanaswa tena, mamia ya mara kwa sekunde. Singa ya farasi inasifiwa kwa kuubeba unga huo.

MtotoWaDunda
Singa za punda je? Punda tunao 😂

Fundi_Ngamiani
Mkia wa punda una kishungi tu mwishoni. Fidla inataka singa ya sentimita 65 hivi bila kuunga, tena kati ya 150 na 200 kwa upinde mmoja. Na wanaojua huchagua farasi dume, maana jike hukojolea mkia wake.

BintiPangani
Kwa zeze, mkonge, wala usiumize kichwa. Mkonge wenyewe uliingilia kwetu Pangani, shamba la Kikokwe, mwaka 1893. Yule Mjerumani Hindorf aliagiza miche kutoka Florida ikabaki hai 62 tu, leo tunasuka kamba mpaka za kufungia mbuzi. Chukua singa ndefu zilizokwishachanwa, zisizotiwa rangi. Zilowanishe, zinyooshe, funga ncha moja kwa uzi wa kushonea, kisha zifunge kwenye fimbo zikiwa bado mbichi. Zikikauka zinajikaza zenyewe. Usijaze nyingi, upinde utakuwa mzito na mkono utachoka.
Kuhusu ukali wa sauti, msikilize marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo aliyeishi hapohapo Bagamoyo mpaka alipofariki 2003. Zeze halitaki ulaini.

Mpiga_Fidla_Mwambao
Nakubali kwa zeze. Kwenye fidla ya taarabu mkonge utakukera: unakwaruza na kumwaga vumbi, ukipiga taratibu sauti inakatikakatika. Hapo lipia farasi.
Ila kwanza, hizo singa zinakatika ukiwa unapiga, au unafungua boksi unakuta zimeshakatika? Kama ni boksini, una wadudu. Wanapenda giza, wanakula singa usiku na mchana. Ukivisha mpya ukairudisha humo, umewapikia. Toa kila kitu, pangusa bitana, boksi liache wazi juani. Upinde wenyewe usiuanike.
Na ulegeze kila ukimaliza kupiga. Singa hurefuka kwenye unyevu wa pwani, hufupika kwenye ukavu. Ukiukaza Bagamoyo halafu ukasafiri nao hivyo hadi Dodoma, utaupokea umevunjika kichwa.

ZezeLaKaole
Ni boksini! Nitalitoa kesho. Na rozini, siwezi kutumia sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti? Wazee wanasema zamani ilitoka hapa Bagamoyo kwa majahazi.

Fundi_Ngamiani
Ilitoka sana, lakini ilikwenda kutengeneza vanishi huko ng'ambo. Ni ngumu, haitoi unga wa kunata. Rozini ulizia kwa walimu wa muziki pale TaSUBa, chuo cha sanaa hapo Bagamoyo. Mafundi redio nao wanayo ya kulehemu waya. Kwa zeze hiyo inatosha, kwenye fidla mimi siipaki.

MtotoWaDunda
Kwa hiyo punda kasalimika.