Mume wangu ni García García. Mtoto wetu atangulize ubini gani?

MwanaPangani:
Habari za humu ndani, wakubwa shikamooni.

Naombeni ushauri, hasa mliowahi kuishi Hispania. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, nimeolewa huku Valencia, huu mwaka wa nne. Nina mimba ya miezi minane. Jina la mtoto tulishaelewana zamani, kinachotugombanisha ni majina ya ukoo.

Huku kila mtu ana mawili, moja la upande wa baba na moja la upande wa mama, na ukiolewa hubadilishi kitu. Sasa baba mkwe ni García, na mama mkwe naye kwao ni García, hivyo mume wangu kwenye kitambulisho ni García García. Sitanii. Hapa chini ya jengo letu kuna masanduku ya barua 16, na manne yameandikwa García. Juzi vitenge alivyonitumia mama vilipokelewa na García wa ghorofa ya tatu, vikakaa kwake siku tano. Mzee wa watu alidhani mkewe kaagiza mapazia.

Mume anasema tutangulize langu ili mtoto asipotee kwenye umati. Mama mkwe hataki hata kulisikia. Anasema García ni jina la wafalme, haliwezi kukaa nyuma ya jina ambalo majirani hawawezi kulitamka.

Na langu lenyewe ni lipi? Mimi ni jina langu, kisha Salehe (baba), kisha Mhina (babu). Wao wanasoma Salehe kama ubini wa baba na Mhina kama ubini wa mama. Kliniki nikiitwa, naitwa "señora Salehe". Nageuka kumtafuta baba.

Chapakazi:
García Mhina. Linakaa vizuri mgongoni mwa jezi. Sisi wa Liverpool tuna deni na mchezaji wetu Luis García tangu lile bao la 2005 dhidi ya Chelsea, ambalo wao mpaka leo wanasema halikuvuka mstari. Hoja imefungwa.

BabuKitabu:
Chapakazi punguza mpira, dada ana jambo zito.

Mama mkwe wako hajakosea kuhusu wafalme, ila amesahau nusu ya hadithi. Hao wafalme wa Pamplona, kaskazini kule kwenye milima ya Pirenei, walioitwa García tangu karne ya 9, hawakuwa na García kama jina la ukoo. Lilikuwa jina la kupewa mtoto, kama wewe unavyomwita mwanao Juma au Salehe. García Íñiguez maana yake ni García mwana wa Íñigo. Ile -ez ya mwisho ndiyo "bin" yao: Fernández ni mwana wa Fernando, Rodríguez mwana wa Rodrigo, Sánchez mwana wa Sancho. Baadaye wakaacha kuyabadilisha kila kizazi, jina la babu mmoja likaganda likawa la ukoo mzima. García liliganda hivyohivyo bila hata kuvikwa -ez, ingawa wapo wachache waitwao Garcés.

Kwa hiyo "Salehe" yako na "García" yao ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba lao liligandishwa mapema, letu bado linatembea.

Asili ya neno ndiyo wataalamu wanabishana. Wengi wanalipeleka kwa Wabaski, watu wa kaskazini ambao lugha yao haina undugu na Kihispania. Kuna wanaolihusisha na neno lao *hartz*, yaani dubu. Wengine wanashika *gazte*, kijana. Mimi niko upande wa dubu, kwa sababu tu linapendeza zaidi.

Msafiri77:
Nyongeza kidogo. Kwa takwimu za serikali ya Hispania, wenye García kama ubini wa kwanza ni zaidi ya watu milioni 1.4. Yanayofuata, Rodríguez na González, hakuna hata moja linalofika milioni. Ukisimamisha watu 100 barabarani, watatu ni García, na hapo hujahesabu walionalo kama la pili. Unamjua Sergio Ramos, yule mcheza mpira? Jina kamili ni Sergio Ramos García. Mama amejificha nyuma.

Nimekaa Marekani pia. Kwenye sensa yao ya 2010 García lilishika nafasi ya 6 kati ya majina yote ya ukoo, nyuma ya Smith, Johnson, Williams, Brown na Jones. Zaidi ya watu milioni moja. Na Ufilipino limejaa, wamewahi kuwa hata na rais García, 1957 hadi 1961. Kule gavana wa Kihispania, Clavería, alitoa amri mwaka 1849 kwamba wenyeji wapewe majina ya ukoo kutoka kwenye orodha iliyopangwa kwa alfabeti, serikali iweze kuwahesabu na kuwatoza kodi. Kwa hiyo usione mtu ni García ukadhani ana babu Mhispania.

MamaTwaha:
Jamani, dada ameuliza mtoto aitweje, nyie mmempeleka Ufilipino.

Mdogo wangu, mimi nimezalia huku Madrid watoto wawili, nisikilize. Zamani la baba lilitangulia lenyewe. Tangu mwaka 2000 wazazi wanaweza kugeuza wakikubaliana, na tangu katikati ya 2017 hakuna la kutangulia lenyewe, lazima nyie wawili mseme. Mkishindwa, mnapewa siku tatu, kisha msajili anaamua mwenyewe kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Msifike huko.

La pili, na hili wengi hawaambiwi: mpangilio wa mtoto wa kwanza ndio wa wote mtakaozaa pamoja. Hamwezi kumtangulizia huyu wa kwanza García kumridhisha bibi, halafu wa pili mkageuza.

La tatu ni hiyo "señora Salehe". Hapo ndipo pa kushika kabla hujajifungua, maana baada ya kuzaa mna siku 10 tu za kawaida kuandikisha. Angalia pasipoti yako, kwenye kisanduku cha jina la ukoo kumeandikwa nini. Kama ni Mhina peke yake, nenda nayo pamoja na cheti cha kuzaliwa kilichotafsiriwa na mfasiri anayetambulika, uombe na barua ya ubalozi inayoeleza majina yetu yanavyokaa. Mimi nililala, binti yangu akapewa jina la baba yangu mzazi kama ubini wakati sisi wote ni watu wa ukoo mwingine. Kurekebisha imenichukua mwaka na nusu.

Chapakazi:
Haya narudi na mpira wenye faida. David Silva, yule aliyechezea Manchester City, ubini wake wa kwanza si Silva. Ni Jiménez. Silva ni la mama. La baba likiwa la kawaida mno, watu wenyewe wanaliruka.

BabuKitabu:
Leo umesema kweli. Mchoraji Picasso hivyohivyo, baba yake ni Ruiz. Zapatero, waziri mkuu wao wa 2004 hadi 2011, ni Rodríguez kwa baba. Na mshairi García Lorca wote wanamwita Lorca tu. Hata mkianza na García, mtaani mtoto ataishia kuitwa Mhina.

KiparaWaMombasa:
Mimi napinga. Mtoto anaishi kwao na baba yake. Jina gumu litamchosha shuleni, kila mwalimu mpya anauliza linaandikwaje. Mpeni García kwanza, apumzike.

MamaTwaha:
Mhina lina herufi tano, gumu liko wapi? Ile h hawaitamki, basi. Watasema "Mina", ndiyo gharama yake.

MwanaPangani:
Asanteni sana wote. Nimeangalia pasipoti: kisanduku kina Mhina peke yake, Salehe liko juu pamoja na jina langu. Jumatatu nakwenda kwa mfasiri.

Jana mama mkwe alikuja kula, nikampa habari za García kuwa jina la mtoto, na dubu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema marehemu babu yake alikuwa na nywele mpaka mgongoni, kwa hiyo dubu inawezekana. Mume akacheka mpaka akapaliwa na wali.

Tumekubaliana Mhina García. Bibi amekubali kwa sharti moja: kwenye sanduku la barua yaandikwe yote mawili. Nami nimekubali haraka, maana mama ameshatuma kifurushi kingine.