Supamaketi: mbwembwe zote mlangoni, kwenye kulipa mnatubananisha!

Wakuu, nimetoka kununua mahitaji ya nyumbani sasa hivi na hasira hazijaniisha, mnivumilie.

Mlangoni ni maigizo matupu ya kuzuia korona. Mlinzi anakuelekezea kipimajoto mkononi, hata hatazami kimesoma ngapi, anakuambia pita. Barakoa yake iko kidevuni. Chupa ya sanitaiza ukiibonyeza inatoa hewa, na siku ikiwa na kitu ni majimaji yasiyonuka spiriti kabisa. Alkoholi ikiwa chini ya asilimia 60 hapo unalowanisha mikono tu. Na hicho kipimajoto kitamnasa nani? Mtu anaweza kuambukiza wenzake korona kabla hajaanza kuumwa, na wapo wasioumwa kabisa. Sisemi mkiondoe, nasema msijifiche nyuma yake.

Maana ukishaingia, basi. Hakuna anayehesabu mko wangapi ndani.

Sasa njooni kwenye foleni. Kaunta zimejipanga ukuta mzima, inayofanya kazi MOJA. Nyingine zimezibwa na toroli. Sakafuni wamebandika alama za kusimama mita moja moja, kama Shirika la Afya Duniani (WHO) lilivyoshauri, lakini foleni imerefuka hadi kati ya rafu, wanaotafuta vitu wanatupenya kwa mabega. Nyuma yangu jamaa kashusha barakoa ili aongee na simu, pumzi yote shingoni kwangu. Nikamwambia, "Kaka, naomba urudi nyuma kidogo." Akanijibu, "Dada, kwani korona iko hapa tu?" Mimi nisogee wapi, wakati mbele yangu kuna bibi na mkongojo wake?

Kirusi hiki kinasambaa vizuri zaidi ndani, penye watu waliobanana, hewa haipiti, na wamekaa hapo muda mrefu. Foleni yenu ina vyote!

Nikafika kwa keshia. Kahesabu noti zangu kwa glavu alizoshikia noti za wote walionitangulia, halafu mfuko ukagoma kufunguka. Akavua glavu moja, akashusha barakoa, akalamba kidole, akaufungua, akanifungashia. Niliishiwa maneno. Ila yeye simlaumu sana, kaachwa peke yake na umati wote ule.

Nikamtafuta meneja. Jibu lake: "Wateja ndio hawafuati utaratibu." Hapo ndipo nilipopandwa. Saa za kufungua nani kazipunguza, wateja? Mmekata jioni nzima mkasema mnapunguza msongamano. Watu ni walewale, mahitaji yaleyale, muda mmeufupisha, msongamano unapunguaje? Na makeshia wengine nani kawarudisha nyumbani?

Na asije mtu hapa kuniambia niagize mtandaoni. Si kila mtu ana hela ya kulipia kuletewa, na yule bibi ndiyo kabisa.

Fungueni kaunta. Rudisheni saa zenu. Watu wahesabiwe, duka likijaa anayetoka mmoja ndiyo aingie mmoja. Wazee watengewe saa yao asubuhi kabla sisi hatujaanza kusukumana. Acheni milango wazi hewa ipite. Kama haiwezekani, nipeni hata sababu moja isiyoanza na neno "wateja".