Istanbul na watoto: wapita njia kuwashika mashavu

Swali: Ndugu wanajamvi, tunatarajia kwenda Istanbul na watoto wetu wadogo, nami nimeambiwa kwamba huko wapita njia huwashika watoto mashavu na kuwapa peremende bila kuomba ruhusa, je, ni salama?

Jibu: Dada, hayo ni mapenzi tu ya Waturuki kwa watoto, na usipopenda, mvute mwanao kwako huku ukitabasamu. Ningehofia zaidi barabara, kwa kuwa magari huko hupita kulia, ilhali mtoto wa Dar es Salaam amezoea kutazama kulia kwanza, na gari litamjia kutoka kushoto.

Jibu: Naunga mkono. Tramu (treni ya mjini) ya Sultanahmet, mtaa wa kale wa Istanbul, hujaa mno, hivyo mkoba uvaliwe kifuani. Namba ya dharura, iwe polisi au gari la wagonjwa, ni 112.