Krimu au kijivu sebuleni? Fundi anakuja Jumamosi

Mama Kinyerezi
Wakuu, habari za jioni. Nyumba ipo Kinyerezi, skimu (plasta laini ya juu) na praima (rangi nyeupe ya msingi) tayari, imebaki rangi yenyewe. Nataka sebule, dainingi na korido viwe rangi moja iliyotulia. Mzee wangu kang'ang'ania kijivu alichokiona kwa rafiki yake Mbezi, mimi moyo uko kwenye krimu. Marumaru za chini zina mistari ya kahawia, milango ni mninga, madirisha alumini ya kahawia. Baraza la mbele ni pana, mwanga hauingii sana. Taa ni LED nyeupe. Fundi anasema nichague tu kwenye kadi ya rangi ya dukani.

Fundi Ngazi, Tabata
Dada, Jumamosi ahirisha. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo, na kadi ile ndogo haijawahi kumsaidia mtu.

Usianze na ukuta. Anza na vitu ambavyo hutavigusa tena: marumaru, milango, madirisha. Vyako vyote vimeegemea kahawia na wekundu. Vijivu vingi vina ubluu ndani yake. Ukikiweka jirani na mninga, mlango unazidi kuiva na ukuta unapoa. Usiku ukiwasha hizo taa nyeupe, ubluu wote unatoka nje. Huko Mbezi huenda marumaru ni nyeupe na alumini ni ya fedha, ndiyo maana kilimpendeza shemeji.

Krimu nayo ina mtego. Kuta zinarushiana rangi, kwa hiyo ile yenye unjano mwingi inageuka siagi chumba kizima. Nyie wawili mnaweza kukutana katikati: kijivu kilichoegemea kahawia, tena kiwe chepesi kwa sababu ya hilo baraza.

Nunua kopo dogo, paka kipande cha jipsamu bodi mikono miwili, yaani rudia mara mbili. Usijaribie ukutani, weupe wa praima utakudanganya macho. Kisimamishe pembeni ya mlango, kitazame asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwaka. Subiri kikauke kwanza, maana rangi ya maji ikikauka inakolea.

Mdau wa Kigamboni
Mama, taa ni rahisi kubadilisha kuliko rangi. Soma kwenye boksi namba yenye K, ndiyo kipimo cha rangi ya mwanga: 6500K ndiyo ile nyeupe kali, 3000K ina unjano, 4000K ipo katikati. Weka kwanza taa utakazotumia, ndipo ujaribu rangi.

Mama Kinyerezi
Asanteni sana. Mzee kasoma, kanyamaza, naona kakubali. Fundi Ngazi, korido yangu ina watoto na mikono yao. Niweke ya kung'aa?

Fundi Ngazi, Tabata
Korido weka silki, ile ya kung'aa kidogo, inafutika kwa kitambaa chenye maji. Sebuleni weka mati, isiyong'aa, kwa sababu silki inaonyesha kila bonde la skimu, hasa ukuta ule unaopigwa na mwanga wa dirisha kwa ubavu. Namba ya rangi iwe moja kote. Ukichanganyiwa kwa mashine, chukua ndoo zote kwa pamoja na ile namba ya mchanganyo uiandike mahali. Ndoo za aina moja fundi azichanganye kabla ya kupaka, zisije zikapishana katikati ya ukuta.

Dari liwe jeupe tu. Na huyo fundi akikuambia mninga upakwe rangi ya mafuta ufanane na ukuta, mnyang'anye brashi.