Nabadilisha mabomba ya chuma kidogo kidogo, nianzie wapi?

MgosiTanga: Wakuu, nyumba iko Ngamiani, ya miaka ya 70, mabomba yote ya chuma na yamezikwa ukutani. Asubuhi maji yanatoka mekundu kama chai ya rangi, jikoni ndoo moja nusu saa. Uwezo wangu ni laki na nusu kwa mwezi. Nianzie jikoni au bafuni? Usingizi sipati.

KokiMbovu: Uza nyumba, nunua bodaboda.

FundiSpana: Usianzie jikoni wala bafuni. Kutu inajaa ndani, bomba la nusu inchi linabaki na tundu la kalamu. Anzia kwenye mita ya maji. Pale weka tii, kiungo cha njia tatu: laini ya zamani iendelee kulisha, na upande wa pili uvute bomba jipya la plastiki, PPR ya milimita 25, nje ya ukuta. Kila penye tawi acha tii iliyozibwa kwa plagi. Ukipata hela unafungua plagi moja, unahamisha koki moja. Chuma kiache kife ukutani. PPR ikinge na jua. Na fundi asilazimishe spana kwenye chuma kizee, ukizungusha hapa kinakatika kule. Mita iko upande gani?

MamaWawili: Baba yetu naye alianza kidogo kidogo. Amefariki bafu halijafikiwa, tukaoga kwa kopo miaka 9.

MgosiTanga: Mita iko kwa dada.

FundiSpana: Dada yupi tena?

MgosiTanga: Nyumba ni ya marehemu baba. Tuko wanne, mirathi haijafunguliwa, na dada mkubwa hataki ukuta uguswe. Ila bili nalipa mimi. PPR ya jikoni nimeshanunua, fundi anakuja Jumamosi.

Ustadh_K: Hapo ndipo ungeanzia, ndugu yangu. Nendeni Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ateuliwe. Mali ya marehemu haichimbwi kimyakimya.

MgosiTanga: Ustadh, mirathi hainyweki.

KokiMbovu: Subirini. Februari huyuhuyu alilia humu kuwa mwenye nyumba wake Mbagala anamfungia maji. Leo mrithi wa Tanga? Hii chai.

MamaWawili: Tena ya rangi 😂

MgosiTanga: Mbagala nilipanga, msiba ukanirudisha nyumbani. Kuhama nako kosa?

KokiMbovu: Picha ya bomba.

MgosiTanga: Simu yangu ya tochi.

FundiSpana: Umenunua ya ngapi?

MgosiTanga: Ya 20, vipande 6.

FundiSpana: Hiyo ni ya matawi. Viwili vinatosha jikoni, vinne kabadilishe upewe ya 25. Risiti unayo?

MgosiTanga: Ninayo.

KokiMbovu: Picha ya risiti basi.