Naomba ushauri: pikapu inachemsha kwenye mlima wa Soni, ninunue themostati ya nyuzi ngapi?

Mpanda Soni
Wakuu, habari za jioni. Ninaendesha Hilux ya mwaka 1996 yenye injini ya dizeli ya 3L, na kazi yake ni kushusha kabichi kutoka Lushoto hadi Mombo na kurudi juu na saruji. Kwa wiki mbili sasa, nikipanda na mzigo, mshale wa joto unapita katikati kabla sijafika Soni, na safari moja uligusa alama nyekundu huku rejeta ikiwa baridi kiasi cha kuishika kwa kiganja. Nikiwa tambarare, mshale haunyanyuki kabisa. Dukani zipo themostati, yaani vile vilango vinavyoruhusu maji ya moto ya injini kwenda kupoozwa kwenye rejeta, za nyuzi 76 na za nyuzi 82. Ipi itanifaa? Ninaomba majibu kabla ya Jumamosi.

Dereva Mstaafu
Umenikumbusha mlima Kitonga, ambako nilipandisha lori miaka mingi nikiwa na madumu mawili ya maji nyuma ya kiti, wala sikuwahi kuuliza habari za nyuzi. Gari likichemsha tuliegesha, tukachoma mahindi, tukaendelea. Nyinyi vijana mnapanda mlima kwa gia kubwa, injini inakoroma, pampu ya maji na feni vinazunguka polepole, kisha mnalaumu kifaa. Rudisha gia mapema.

Fundi wa Pembeni
Mzee amesema kweli kuhusu gia, lakini swali halijajibiwa, na mimi silijibu bado. Nyuzi zilizoandikwa kwenye themostati zinaonyesha tu ni wakati gani mlango wake unaanza kufunguka. Ndugu, ifungue hiyo ya zamani, itundike kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini, kisha uyachemshe maji hayo. Iliyo nzima ya nyuzi 82 hufunguka kabla maji hayajatokota. Utuambie ilivyofanya.

Mama Kabichi
Mimi ni mwenye mzigo, si dereva. Naomba kujua tu hiyo saruji ni mifuko mingapi, kwa sababu madereva wetu wakiambiwa tani moja husikia mbili.

Mpanda Soni
Mama, mzigo ni ule wa kawaida. Fundi, kuipima haitawezekana kwa sasa. Isitoshe, nimeshatoa nusu ya fedha za rejeta kubwa iliyotumika, ipo Tanga, na ninaamini rejeta hiyo pamoja na themostati ya nyuzi 76 vitamaliza tatizo. Ninaomba tu mthibitishe hizo nyuzi.

Fundi wa Pembeni
Kwa nini haitawezekana kuipima? Boliti ni chache, na kazi haizidi saa moja.

Mpanda Soni
Haitawezekana kwa sababu haimo. Niliitoa mwenyewe kando ya barabara, baada ya fundi mmoja kunielekeza kwa simu kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Jambo jingine ni kwamba gari si langu, ni la baba mkwe, na anarudi Jumamosi. Hata hivyo sioni kosa langu, maana magari mengi huku yanatembea bila themostati.

Fundi wa Pembeni
Yanatembea, na mengi yanachemsha. Katika injini yako themostati ina kisahani upande wa chini. Injini ikipata moto, mlango wa kwenda kwenye rejeta unafunguka, na papo hapo kisahani kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiiondoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Kwenye tambarare injini haipati joto la kutosha na inakula dizeli zaidi. Mlimani, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupoozwa. Rejeta kubwa haizibi njia hiyo.

Msoma Mistari
Samahani, lakini kisa hiki kina harufu ya kutungwa. Ujumbe wa kwanza unasema mshale ulikuwa kwenye nyekundu na rejeta ni baridi. Hiyo ni dalili ya themostati iliyokwama ikiwa imefungwa. Sasa tunaambiwa haimo kabisa. Kifaa kisichokuwepo kinakwamaje? Na baba mkwe anaingia kwenye hadithi baada ya kubanwa tu.

Dereva Mstaafu
Kuhusu baba mkwe ninamwamini. Hakuna anayetunga hofu ya namna hiyo.

Mpanda Soni
Msoma Mistari, umenikamata panapostahili. Nilichanganya safari mbili kwa aibu. Rejeta ilikuwa baridi siku ya kwanza, kabla sijaitoa. Baada ya kuitoa, rejeta inakuwa ya moto lakini mshale bado unapanda mlimani. Ya zamani ilikuwa kwenye mfuko wa mlango. Nimeitundika sasa hivi kwenye kopo la maziwa ya unga; maji yametokota dakika kumi na mlango haujaachia hata upenyo wa wembe.

Fundi wa Pembeni
Basi ulikuwa na ugonjwa mmoja, ukaongeza wa pili. Nunua ya nyuzi 82 yenye kisahani, pamoja na gasketi yake, na kile kipini kidogo cha kupitishia hewa ukielekeze juu. Ila kabla ya hapo, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta na uwashe. Mapovu yakitoka mfululizo, gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba chini ya kichwa cha injini, imeungua, na hapo tutazungumza mengine. Je, siku ile ulimwagia injini maji ya baridi?

Mpanda Soni
Sikumwaga. Nilisubiri hadi ikapoa, nikaongeza maji lita tatu.

Mama Kabichi
Na mifuko?

Mpanda Soni
Ishirini na sita, mama.

Mpanda Soni
Ijumaa usiku: hakuna mapovu. Nimefunga ya nyuzi 82 na nimepanda hadi Soni na mifuko ishirini. Mshale umesimama katikati. Mwenye rejeta anasema harudishi fedha, labda nichukue feni. Baba mkwe amepiga simu kutoka stendi ya Korogwe, na sijui nitamjibu nini akifika na kuuliza kwa nini mfuko wa mlango umelowa.